Rangi ya Nane

Jumapili, 8 Novemba 1998

Daftari hili Mama alinipa mwaka jana siku ya kipaimara changu, na tangu siku hiyo limelala chini ya soksi. Leo nimelitoa kwa sababu lazima nimwambie mtu, na mtu sina. Naandika kwa Kireno. Bibi husoma Kijerumani tu, Mama hana nafasi, na Baba hasomi kitu chochote ila bei ya tumbaku.

Baada ya ibada Ba'mkubwa Arno, binamu mkubwa wa Baba, alikuja kula kwetu. Januari ukoo wa Drewenz unatimiza miaka mia na ishirini na tano tangu Ferdinand na mkewe Auguste washuke kwenye mto huu na masanduku yao kutoka Pomerania, nchi ya Wajerumani ng'ambo ya bahari. Kutakuwa na sherehe kwenye ukumbi wa kanisa, bata wa kuoka, bendi ya tarumbeta, na jiwe lenye majina. Watoto wa Ferdinand walikuwa saba, kwa hiyo kutakuwa na rangi saba, na kila mtu atavaa kifuani utepe wa tawi lake. Sisi wa Hermann ni njano.

"Na historia ataisoma Marlise," Ba'mkubwa akasema, akininyooshea uma wenye kiazi. "Kwa Kijerumani kwa ajili ya wazee, halafu kwa Kireno kwa ajili ya hawa vijana wetu. Lauro, unamsomesha mjini kwa lugha mbili afanye nini nazo, azipange kwenye kabati?"

"Huyu?" Baba akacheka. "Huyu hata kuku hawezi kumfukuza kwa sauti."

Nilitikisa kichwa. Nikiulizwa jambo mbele ya watu, hutikisa kichwa hivi kwamba watu huchagua wenyewe kama ni ndiyo au hapana. Walichagua ndiyo.

Jumatano, 11 Novemba

Tumeanza kuvuna majani ya chini ya tumbaku. Mgongo unaniuma.

Jumapili, 15 Novemba

Nimeandika mwanzo wa hotuba: "Walikuta ardhi tupu, wakaijaza kwa jasho lao na watoto wao." Nimeipenda sana. Nimemsomea Bibi Hulda tukimenya viazi. Akasema ninamenya nene, nusu ya kiazi inakwenda kwa nguruwe. Sidhani kama alisikia.

Jumamosi, 21 Novemba

Kila mavuno Noeli na bibi yake, Bibi Olga, huja kufanya kazi kwetu. Wanakaa ng'ambo ya kijito, kwenye kile kipande cha shamba chenye mawe. Baba yake Noeli yuko mbali, Mato Grosso, kwenye mashine za kupasua mbao. Noeli ni msichana wa umri wangu, na ndiye mtu pekee ninayeongea naye bila kupanga sentensi kichwani kwanza. Tunakaa mbele ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku kwa moto. Mimi nampa majani matatu matatu, yeye anayafunga kwenye kijiti kabla hayajaingizwa ndani kukauka. Ikifika jioni utomvu wa tumbaku umetuganda mpaka kwenye viwiko, na ukitazama mikono peke yake huwezi kujua ipi ni ya nani.

Ukitazama nyuso utajua. Shuleni kwao wanamwita bugra, jina ambalo watu wetu waliwapa watu wa msituni. Yeye huwajibu kwa Kijerumani chetu, kwa matusi ambayo shuleni kwangu hayafundishwi.

Leo redio ilikuwa imewashwa. Matangazo ya vifo yalipokwisha tukamsikia Ba'mkubwa Arno akikohoa, halafu: "Kila mwenye jina la Drewenz, popote alipo, awe nacho au asiwe nacho, tunamwita nyumbani."

Bibi Olga alikuwa anatia kuni kwenye mdomo wa bani. Alisimama na gogo mkononi.

"Umesikia?" Noeli akaninong'oneza. "Sisi pia ni Drewenz. Imo kwenye cheti changu."

"Nimesikia."

"Sasa sisi tutavaa rangi gani?"

Kwetu husemwa kwamba wao waliliokota jina hilo, kama mtu anavyookota koti lililosahauliwa kwenye benchi. Sikuwahi kujiuliza lilisahauliwa na nani.

"Nitauliza," nikamwambia.

Jumapili, 22 Novemba

Sijauliza. Ba'mkubwa hakuja.

Jumatano, 25 Novemba

Sijauliza. Alikuja, lakini alikuwa na haraka. (Hakuwa na haraka. Alikunywa chai ya mate, ile ya majani tunayoifyonza kwa mrija, mpaka maji ya birika yakaisha.)

Jumapili, 29 Novemba

Mkutano wa kamati ya sherehe ukumbini. Nilikaa karibu na Ba'mkubwa makusudi. Sentensi nilikuwa nimeshaipanga: "Ba'mkubwa, na wale wa ng'ambo ya kijito, tuwape rangi ipi?" Nilingoja wanyamaze. Wakaanza kubishana kuhusu bia. Waliponyamaza, binamu mmoja wa tawi la kijani akasema, "Arno, kwa tangazo lako la redioni watakuja mpaka watumwa wa babu." Wote wakacheka, na Ba'mkubwa akajibu, "Waje, vyombo vitaoshwa na nani?"

Mimi nilicheka pia. Si kwa sauti. Lakini mdomo wangu ulicheka, niliuhisi.

Ijumaa, 4 Desemba

Mvua. Jani likiwa limelowa halivunwi, sumu yake hupenya ngozi, ukilibeba kifuani utatapika siku nzima. Tumekata maua ya juu tu.

Jumanne, 8 Desemba

Mvua. Noeli anasema bibi yake amenunua kitambaa cha buluu na kola nyeupe ya lesi. "Anashona usiku kama bibi harusi. Nimemwambia, Bibi, ukipewa utepe wa chungwa utafanana na kasuku. Akasema, hata wakinipa wa rangi ya matope nitauvaa." Alicheka sana. Halafu akaniangalia. "Umeshauliza?"

"Ba'mkubwa bado anapanga."

Huo ndio uongo wa kwanza ambao ni uongo kamili. Mwingine ulikuwa ni kunyamaza tu.

Ijumaa, 25 Desemba

Krismasi. Joto. Nimekula mpaka tumbo linauma. Sijauliza.

Jumatatu, 4 Januari 1999

Majani ya kati. Ni mazuri mwaka huu, Baba anapiga mluzi. Tunavuna tangu kunapopambazuka mpaka jua linapoanza kuchoma, na mchana tunafunga. Noeli haulizi tena, na hilo ni baya kuliko alipokuwa anauliza.

Jumanne, 12 Januari

Mvua tangu asubuhi. Bibi alinikalisha sebuleni kumsaidia kukata tepe. Rangi saba zilikuwa mezani, kila moja kwenye bunda lake. Sijui kwa nini leo niliweza kuuliza. Labda kwa sababu mvua ilikuwa inapiga bati na sauti yangu sikuisikia mwenyewe.

"Bibi, Bibi Olga na Noeli ni wa rangi gani?"

Hakuinua macho. Alikata utepe mmoja, akakata mwingine.

"Umesikia wapi kwamba wana rangi?"

"Wana jina."

"Wana jina," akasema. Akaweka mkasi chini.

Naandika kama alivyosema, nisije nikaanza kuliremba.

"Mama yake Olga aliitwa Martha. Nilipokuja kuolewa nyumba hii nilimkuta jikoni. Yeye ndiye aliyenifundisha hiyo keki ya ndizi mnayoisifia kila Jumapili. Hiyo si ya Pomerania, ni mkono wa Martha. Alikuwa mtoto wa msituni. Wanaume wa hapa walichangishana, babu Ferdinand akatoa nyumbu na baruti, wakawatuma watu wa kazi hiyo waende kusafisha. Neno lao lilikuwa hilo, kusafisha, kama unavyosafisha shamba. Waliwavamia watu wa msituni alfajiri, wamelala. Baba mkwe wangu Hermann alikuwa kijana tu, alisimulia akishalewa. Walirudi na masikio ya waliowaua kwenye mfuko wa chumvi, na watoto wawili. Mmoja alikufa njiani. Wa pili Auguste akamwogesha, akamkata nywele, wakampeleka kwa mchungaji. Mtu akibatizwa lazima awe na jina la ukoo. Wakampa lililokuwepo nyumbani."

"Alikulia hapa?"

"Kwenye jiko hili. Na alilala humo humo. Hakuolewa. Olga alipozaliwa, naye akaandikwa Drewenz. Baadaye wakapewa kile kipande cha mawe, na watu wakajipongeza kwa wema."

"Martha alikwambia mwenyewe?"

"Mara moja. Tulikuwa tunamenya mihogo. Alisema anakikumbuka kikapu walichombebea, kilikuwa kinanuka mkate. Na kwamba mama yake alikuwa na wimbo. Wimbo wenyewe umemtoka, anakumbuka tu kwamba ulikuwepo."

Shuleni tumefundishwa kwamba watu hao ni Waxokleng na kwamba wanaishi huko mto unakotokea, kwenye eneo lao. Niliandika hivyo kwenye mtihani nikapata alama zote. Hatukufundishwa kabla ya hapo walikuwa wanaishi wapi. Walikuwa wanaishi hapa. Bani letu liko hapa.

"Bibi, ile sentensi yangu. Ya ardhi tupu."

"Niliisikia."

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Nilikwambia unamenya nene." Akashika mkasi tena. "Mimi nimekaa na jambo hili tangu nikiwa bibi harusi, Lise. Nimeambiwa nikate rangi saba, nakata saba. Usinitazame hivyo."

Sikujua nilikuwa namtazama vipi.

Ijumaa, 15 Januari

Ba'mkubwa Arno amepita na gari. "Mwambie Olga Jumapili ya sherehe aje saa kumi na mbili asubuhi, apitie mlango wa nyuma, bata hawatajiosha wenyewe. Na huyo mjukuu wake aje pia."

"Lakini wao wana..."

"Wana nini?"

"Hakuna, Ba'mkubwa."

"Safi. Na hotuba inakwendaje? Kuna machozi ndani? Weka machozi kidogo, watu wametoka mbali."

Jumapili, 17 Januari

Nimeifuta sentensi. Nimeandika: "Walikuta ardhi yenye watu." Nikaisoma mbele ya kioo cha kabati. Nikaona uso wa Ba'mkubwa, wa Baba, wa mchungaji, watu mia nne na sahani zao. Nimerudisha ya zamani.

Jumatano, 20 Januari

Sijawaambia kuhusu mlango wa nyuma. Nikiwaambia, nitakuwa nimewaambia mengine yote. Jua kali, majani yanaiva haraka kuliko mikono.

Jumamosi, 23 Januari

Noeli ameniaga hivi: "Kesho usinikimbie ukiwa na wakubwa zako." Alikuwa anatania. Nimesugua mikono kwa ndimu mpaka ikawa myeupe.

Jumatatu, 25 Januari

Jana sikuweza kuandika.

Niliwekwa langoni. Meza, kitambaa cheupe, sanduku la tepe. Kazi yangu ilikuwa kumwuliza kila mgeni, "Wa mtoto gani?" naye akajibu, "Wa Emil," au, "Wa Bertha," nikambandika rangi yake kwa pini. Ilikuwa rahisi. Nilianza hata kuifurahia. Watu wazima walikuwa wananiinamia ili nifike kifuani, na mzee mmoja wa tawi jekundu alilia nilipombandika. Ba'mkubwa alisimama nyuma yangu akiwapokea wanaume kwa makofi ya mgongoni.

Walikuja kwa miguu, kupitia barabara kuu, wakati bendi imeshaanza. Bibi Olga alikuwa amevaa ile nguo ya buluu yenye kola ya lesi, na bruchi, ile pini ya pambo, kifuani, na nywele amezisuka akazizungusha kichwani kama wanawake wa kwenye picha zetu za zamani. Alikuwa amebeba keki ya ndizi kwenye sinia la bati, imefunikwa kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Noeli alikuwa na viatu vyeupe. Walisimama kwenye foleni. Mbele yao kulikuwa na familia kutoka jiji la Curitiba ambayo haijui hata neno moja la Kijerumani. Nikawapa rangi ya zambarau, wote sita.

Halafu wakawa mbele yangu.

"Habari za asubuhi, Marlise," Bibi Olga akasema kwa Kijerumani. Alikuwa amenyoosha kifua kidogo, kama watu wote walivyofanya, ili nibandike.

Nilikuwa na sanduku zima. Lilikuwa na njano yetu, ya Hermann, na Martha alikulia nyumba ya Hermann. Ningechukua njano, nikachoma pini, ingekwisha. Ingechukua muda uleule wa kumbandika mtu mwingine yeyote. Nilisikia Ba'mkubwa nyuma yangu ameacha kuongea.

Nikasema, "Jikoni ni kule nyuma."

Nilisema kwa Kireno. Sijui kwa nini. Yeye aliniamkia kwa Kijerumani, mimi nikamjibu kwa lugha tunayoongea na watu wa kuja.

"Jikoni," Bibi Olga akarudia. Hakukasirika. Aliangalia sanduku, akamwangalia Ba'mkubwa, akaniangalia mimi. Kisha akanipa sinia. "Basi nishikie hili." Akafungua bruchi, akaitia mfukoni, na kuuliza, "Aproni ziko wapi?"

"Ndani, Olga, mlangoni kabisa," Ba'mkubwa akamjibu kwa uchangamfu. "Umependeza lakini! Usije ukajimwagia mafuta."

Akaenda. Alizunguka ukumbi wote kwa nje, mbele ya meza za watu, kwa mwendo wa kawaida.

Noeli alibaki. "Uliuliza?" akanong'ona. "Uliwauliza, wakakataa?"

Nilitikisa kichwa. Ule mtikiso wangu. Naye akachagua maana iliyokuwa njema kwangu. Nilimwona akiichagua. Macho yake yalilegea, akanigusa mkono, akasema, "Basi. Angalau wewe uliuliza." Akageuka akarudi kwao, peke yake, na viatu vyake vyeupe.

Hotuba ilikuwa baada ya chakula. Nilipanda jukwaani. Nilianza kwa Kijerumani. Ukumbi ule una dirisha la kutolea chakula kutoka jikoni, na watu wa jikoni walikuwa wamekuja kusikiliza, wamejipanga pale na mikono iliyolowa. Bibi Olga alikuwa wa kwanza kushoto. Aproni haikuweza kuifunika kola ya lesi.

Nikasoma, "Walikuta ardhi tupu."

Bibi Olga hakusogea. Bibi yangu Hulda, meza ya mbele, alikuwa anatazama sahani yake.

Nikasoma mpaka mwisho. Wakapiga makofi. Halafu nikageuza karatasi, nikaanza upya kwa Kireno. Nilikuwa nimepewa nafasi ya pili palepale, kabla makofi hayajapoa, na nilijua kabisa kwamba ni nafasi ya pili. Nikasoma, "Walikuta ardhi tupu." Nilidanganya kwa lugha mbili, na safari hii sauti haikutetemeka hata kidogo. Baba alisimama kwenye kiti kunipigia makofi. Sijawahi kumwona akijivuna hivyo kwa ajili yangu.

Jiwe limefunuliwa. Majina saba.

Sinia la Bibi Olga liko chumbani kwangu. Keki niliiweka kwenye meza ya keki, watu wakaila yote. Walisema ni kama ya bibi zao.

Jumatano, 27 Januari

Hawakuja kazini. Baba anasema wamechoka na sherehe.

Ijumaa, 29 Januari

Nimekutana na Noeli darajani. Nilitaka kurudi nyuma lakini alishaniona.

"Bibi hatakuja tena kwenu," akasema. "Amesema mavuno yenu mvune wenyewe, nyie ni wengi, mna rangi saba." Akatabasamu kidogo, kwa ubaya. "Mimi nimemwambia wewe si kama wao. Nimemwambia uliwauliza. Sina neno na wewe, Marlise."

Na mimi nikatikisa kichwa tena.

Jumatano, 3 Februari

Tunavuna wenyewe: Baba, Mama, mimi, na Bibi anafunga. Hatuwezi. Nimetapika mara mbili kwa sababu nimebeba majani yenye umande. Mama ananipa maji ya sukari, ananiita mwanangu maskini. Ningependa aache.

Jumapili, 7 Februari

Sinia limekaa juu ya kabati. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Kila nikifikiria niweke nini ndani, nakosa.

Jumapili, 14 Februari

Ba'mkubwa Arno amekuja na picha. Ni ndefu kama meza, ukoo mzima mbele ya ukumbi, kila rangi mahali pake, imetiwa fremu. Aliisimamisha juu ya kabati la vyombo ili tuione tukila.

"Angalieni hiyo," alikuwa anasema. "Mia nne, na hakuna aliyefumba macho."

Niliangalia. Upande wa kulia, nyuma ya watu, linaonekana dirisha jingine la jikoni, la nje. Ndani ya dirisha kuna doa jeupe. Ni kola ya lesi.

Nilikuwa sijapanga sentensi yoyote. "Ba'mkubwa," nikasema, "Bibi Olga na Noeli tungewapa rangi gani?"

Baba akaacha kutafuna. Ba'mkubwa akacheka. "Rangi ya aproni. Imetoka wapi hiyo?"

"Ni Drewenz."

"Mtoto, wale waliokota jina."

"Hawakuokota." Alikuwa ni Bibi. Aliweka uma chini, taratibu, kama alivyoweka mkasi. "Tulimvika Martha jina hilo akiwa analia, Arno. Baba yako alikuwepo. Baba mkwe wangu alikuwepo. Wewe unajua, na mimi najua, na sasa huyu anajua, akasimama jukwaani akasoma tulichomwachia asome."

"Hulda, ni Jumapili," Ba'mkubwa akasema.

"Zote zilikuwa Jumapili, ya ubatizo na ya sherehe."

Mama akaniambia nilete kabichi. Nikaleta. Ba'mkubwa alikula, akaaga kwa heshima zote, akasahau picha yake, au akaiacha. Baba hakunigombeza. Jioni alisimama mbele ya picha muda mrefu, mikono nyuma, pua karibu na kioo upande ule wa kulia. Kisha akaenda kutia kuni kwenye bani.

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Nimeuliza, wiki tatu baada ya swali kukosa faida kwa mtu yeyote.

Jumamosi, 20 Februari

Majani ya juu yanaungua shambani. Baba anasema, "Nenda kamwombe Olga, wewe mnapatana naye." Bibi Hulda amesikia. Ameniingiza jikoni akanifundisha keki ya ndizi, mkono wa Martha: siagi unaivunja kwenye unga kwa vidole, si kwa kijiko, na unaacha mabonge.

Jumapili, 21 Februari

Keki ilikuwa ndani ya sinia, imefunikwa kwa kile kitambaa, nimekipiga pasi. Nilivuka kijito, nikazunguka nyumba yao mpaka mlango wa jikoni. Nilidhani ndiyo adabu.

Bibi Olga alikuwa anatoa majivu. "Mlango uko mbele," akasema. Kwa Kijerumani.

Nikazunguka tena. Nilibisha hodi kwenye mlango wa mbele na kungoja. Alipofungua alikuwa amevua aproni. Sebule yao ni ndogo na ina kitambaa mezani. Alinikalisha kwenye kiti chenye mto. Noeli akaja, akafurahi kuniona. Hilo nilikuwa sijalifikiria, kwamba angefurahi.

Niliweka sinia mezani nikasema kabla sijakaa vizuri.

"Sikuuliza. Noeli, siku ile langoni sikuwa nimeuliza. Wala kabla yake. Nilikuwa najua kuhusu Martha, Bibi alikuwa ameniambia, nilijua yote, na nikasema jikoni. Na ile sentensi ya ardhi tupu niliitunga mimi. Hakuna aliyenilazimisha."

Nje kulikuwa na kuku anakwaruza. Noeli alitoa mkono wake mezani akauweka mapajani, basi. Nilitaka kusema kwamba Jumapili iliyopita nilikuwa nimeuliza, mbele ya wote, na Bibi akasema alichosema. Lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalimeza, kwa sababu lingekuwa ni kuomba malipo.

Bibi Olga alifunua keki. Akanusa. Akagusa mabonge ya juu kwa ncha ya kidole. Akaenda kwenye kabati akarudi na sahani ya wageni, ya maua yenye ukingo wa dhahabu, moja tu. Alikata kipande kikubwa, akakiweka mbele yangu, na uma upande wa kulia.

"Kula," akasema. "Mgeni hula kwanza."

Nikala. Wao hawakujikatia. Walikaa mbele yangu wote wawili, mikono mapajani, wakanitazama mpaka nikamaliza kipande chote. Baba alikuwa ameniagiza nimwulize kama kesho watakuja kuvuna. Sikuuliza.